Soko la wakulima: ufike linapofunguliwa, katikati ya mauzo au linapokaribia kufungwa?

Muulize mnunuzi wa siku nyingi saa nzuri ya kwenda soko la wakulima, atakujibu kabla hujamaliza swali: mapema. Mwenzake aliye pembeni atacheka na kusema subiri waanze kufungasha, hapo ndipo bei hulegea. Wote wawili wanasema kweli. Wanatofautiana kwa sababu mmoja anatafuta letusi ya kula leo jioni, na mwingine anatafuta kreti ya nyanya za kupika sosi na kugandisha. Saa ya kufika ichaguliwe na orodha yako ya manunuzi, pamoja na siku utakayopika kila kilichomo.

Tunazungumzia soko la muda wa saa 4 au 5, ambamo wakulima wenyewe huleta mazao yao mezani mara moja au mbili kwa wiki. Mapema ni saa ya kwanza tangu mauzo yaruhusiwe. Mwishoni ni dakika 45 za mwisho. Muda unaobaki ndio katikati. Soko likiwa fupi, la saa 2 hivi, katikati ni kama haipo: linafunguliwa, linajaa, linaanza kufungwa.

Vigezo vya kulinganishia

Tumetumia vigezo vitano kwa kila muda: uchaguzi wa bidhaa, hali ya mazao, bei, nafasi ya kuzungumza na muuzaji, na mambo yanayoharibika mara kwa mara. Vinne kati ya hivyo vinajieleza. Cha hali ya mazao kinahitaji maelezo kidogo, maana ndicho wanunuzi wengi hukipima kwa macho tu.

Zao likishachumwa haliachi kupumua. Linaendelea kutumia sukari na maji yaliyomo ndani yake, na halina tena mzizi wa kulirudishia. Kasi ya matumizi hayo inafuata joto: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi huwa mara mbili hadi mara tatu. Kwa hesabu hiyo, letusi iliyokaa mezani kwa saa 4 kwenye nyuzi 30 imezeeka sawa na ile iliyokaa saa 16 hadi 36 kwenye nyuzi 10. Ndiyo maana saa mbili za jua zinaweza kufuta faida yote ya kununua kitu kilichovunwa siku hiyohiyo.

Lakini mazao hayaumizwi na joto kwa kiwango kimoja. Yagawe katika makundi.

Kundi la kwanza ni mazao dhaifu: letusi na mboga nyingine za majani, viungo vya majani, uyoga, stroberi na jamii yake, njegere na maharage mabichi, mahindi matamu. Haya huhesabiwa kwa saa. Mahindi matamu yakikaa kwenye nyuzi 30 yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Yakikaa karibu na nyuzi 0 hupoteza sehemu ndogo tu.

Kundi la pili ni la kati: nyanya, matango, biringanya, pilipili hoho, maembe, maparachichi, matofaa. Saa chache mezani hazileti madhara makubwa kama yako kivulini. Kundi la tatu ni mazao magumu: vitunguu vilivyokaushwa, vitunguu saumu, maboga yaliyokomaa, viazi, nafaka, maharage makavu, pamoja na asali. Kwa haya, kufika mapema hakuongezi chochote katika ubora. Viazi peke yake vina sharti: mwanga huvifanya viwe vya kijani, na ukijani huo ni dalili kwamba sumu ya solanini huenda imeongezeka. Vikiwa vimeanikwa juani tangu asubuhi, omba vya kwenye gunia.

Nyama, samaki, maziwa na jibini laini vina kanuni yao, nayo haifuati saa ya kufika bali ubaridi. Viwe kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo muda wote, ndani ya jokofu au juu ya barafu ambayo bado ni barafu. Nje ya ubaridi visizidi saa 2, na joto la hewa likipita nyuzi 32, saa 1. Muuzaji asiye na barafu asubuhi hatakuwa nayo mchana.

Kufika soko linapofunguliwa

Uchaguzi. Saa hii ndiyo yenye kila kitu, hasa vile vinavyoletwa kidogo: uyoga, stroberi, mayai, viungo adimu, mkate. Wapishi wa mikahawa pia huja saa hii, na mpishi mmoja anaweza kuondoka na kasha zima la kitu ulichokuwa unakiwinda. Zunguka soko lote kabla ya kulipa. Dakika 10 zinatosha kujua nani ana nini na kwa bei gani. Isipokuwa kile kimoja kilichokutoa nyumbani: hicho kichukue ukikiona, kisha ndiyo uzunguke.

Hali ya mazao. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa kundi la mazao dhaifu, ila si faida ya moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Kufika mapema hakumaanishi kwamba kitu kimevunwa leo. Wakulima wengi huvuna jana yake mchana au jioni, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kuvuna, kuosha, kufunga na kusafirisha vyote kabla ya jua kuchomoza. Uliza hivi: “Hizi zimevunwa lini, na zimelala wapi?” Nusu ya pili ya swali ina uzito zaidi. Mboga zilizovunwa jana na kulala kwenye chumba baridi mara nyingi ni bora kuliko zilizokatwa leo jua likiwa limeshapanda na kuletwa kwenye gari la wazi.

Kisha tazama mkato. Shina la letusi lililokatwa karibuni lina mkato mweupe wenye unyevu. Likikaa hugeuka wekundu wa kahawia. Kitako cha hindi kiwe na unyevu na ndevu zake zisiwe zimekauka zote. Kung'aa kwa maji kusikudanganye, maana maji hunyunyizwa. Pinda bua la jani: jani lenye maji ya kutosha huvunjika kwa mlio, lililokauka hupinda tu.

Bei. Usitarajie kupunguziwa. Muuzaji ana soko zima mbele yake na hana sababu ya kushuka. Kinachoweza kuzungumzika ni wingi: ukichukua kreti nzima badala ya kilo moja, bei ya kilo hushuka hata dakika ya kwanza. Beba noti ndogo na sarafu. Muuzaji anayeanza siku na chenji kidogo akikutana na wanunuzi watatu wa noti kubwa, wa nne atasubiri.

Mazungumzo. Dakika 20 za mwanzo anapanga meza, anatega mizani, anahesabu makasha. Muache. Kati ya hapo na msongamano kuna kipindi kifupi kizuri cha kuuliza. Na kuna jambo ambalo mtu wa mapema peke yake hulishuhudia: upakuaji. Makasha yakishuka yakiwa na lebo za soko la jumla, yote ya ukubwa mmoja, yenye mazao yaliyolingana kama yamechujwa kwa mashine, umesimama mbele ya mchuuzi. Uchuuzi si kosa mahali unaporuhusiwa na kutangazwa. Tatizo ni kulipa bei ya mkulima kwa bidhaa ya jumla. Ukiwa na shaka, uliza aina ya mbegu, shamba liko upande gani, na nini kitavunwa wiki mbili zijazo. Anayelima hujibu hilo la mwisho bila kusita, mara nyingi na malalamiko ya hali ya hewa juu yake.

Panapoharibika. Meza iliyojaa hushawishi, na mnunuzi wa mapema hununua mboga za majani za siku kumi wakati anapika siku tatu. Kosa la pili ni kununua mazao dhaifu kwanza, kisha kuzurura nayo kwa saa nzima kwenye mfuko uliofungwa. Basi hapo umewahi bure. Tatu, usimwombe muuzaji akuuzie kabla ya muda uliotangazwa. Masoko mengi hayaruhusu mauzo ya kabla ya kufunguliwa, na anayebeba adhabu ni yeye.

Inamfaa anayefuata mazao dhaifu, mwenye kitu kimoja mahususi kichwani, anayehitaji nyama au samaki, anayekwepa joto na watu wengi, mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto, na yeyote anayeweza kurudi nyumbani moja kwa moja.

Kufika katikati ya mauzo

Uchaguzi. Vitu adimu vimepungua, lakini vile vya kila siku vimejaa, kwa sababu wauzaji hujaza meza upya kutoka kwenye makasha yaliyo chini. Wale waliochelewa kufika nao wamekwisha pangilia. Kwa mtu asiye na orodha ngumu, anayetaka kuona soko lina nini ndipo aamue atapika nini, huu ndio muda wenye mengi ya kuonja na kulinganisha.

Hali ya mazao. Mikono imeshapita. Maparachichi, maembe na pichi zilizobonyezwa na watu ishirini zitaonyesha madoa kesho, si leo, kwa hiyo jicho halitakusaidia. Omba ya kasha la chini. Usiyabonyeze kwa kidole gumba. Lishike parachichi kwenye kiganja na ulikaze kidogo kwa mkono mzima, na kama unalihitaji baada ya siku nne, chukua gumu kabisa. Parachichi haliivi mtini, huiva baada ya kuchumwa. Ndizi, maembe, mapapai na nyanya nayo huendelea kuiva nyumbani yakichumwa yakiwa yamekomaa. Stroberi, zabibu, machungwa, mananasi na matikiti maji hayaongezi utamu baada ya kuchumwa, hivyo yasiyo matamu leo hayatakuwa matamu keshokutwa. Kwa tikiti, angalia doa la upande uliolalia udongo: la manjano iliyokolea ni dalili nzuri, jeupe au la kijani limevunwa kabla ya wakati.

Bei. Ni zilezile za asubuhi, lakini sasa zote ziko wazi na unaweza kuzilinganisha. Jihadhari na vipimo visivyofanana. Meza moja inauza kwa kilo, nyingine kwa fungu, nyingine kwa kikapu. Omba fungu liwekwe kwenye mizani mara moja tu. Ukishajua lina gramu ngapi, mafungu mengine ya meza hiyo utayakadiria mwenyewe.

Mazungumzo. Kwa kifupi, hakuna. Kuna foleni nyuma yako. Uliza swali moja, lipia, sogea.

Panapoharibika. Maegesho na joto. Jua liko kichwani, mazao dhaifu yamekaa saa mbili au zaidi, na wewe umetumia nusu saa kutafuta pa kuegesha. Turubai la muuzaji nalo halihami na jua: upande uliokuwa kivulini asubuhi sasa unawaka. Tazama meza, uchukue vilivyo upande wa ndani. Watoto hupotea saa hii kuliko nyingine zote, kwa hiyo kubalianeni mahali pa kukutana kabla ya kuingia.

Inamfaa anayekuja na familia, mgeni anayetaka kulijua soko, anayependa maonyesho ya upishi na kuonja, na mnunuzi wa kundi la kati asiye na haraka ya mapema wala njaa ya punguzo.

Kufika linapokaribia kufungwa

Uchaguzi. Ni wa bahati. Huwezi kupanga mlo kwa orodha, unapanga kwa kilichobaki. Mara nyingi vinavyobaki ni vile vilivyoletwa kwa wingi kwa sababu ni msimu wake, na hilo si baya hata kidogo: zao lililo kwenye kilele cha msimu ndilo lenye ladha yake kamili. Kumbuka kwamba muuzaji aliyeuza vizuri huanza kufungasha dakika 20 au 30 kabla ya muda. Ukija dakika 10 za mwisho utakutana na meza zilizokunjwa.

Hali ya mazao. Hapa lazima utofautishe kunyauka na kuzeeka. Jani lililolegea lakini bado la kijani limepoteza maji tu. Likate ncha ya bua, litumbukize kwenye maji baridi kwa dakika 15 hadi 30, kisha likung'ute vizuri, mara nyingi litasimama tena. Jani lililoanza kuwa la manjano, lenye utelezi au harufu ya kuchacha limezeeka, na hakuna maji yatakayolirudisha. Nyanya iliyopasuka ngozi ni ya kupika leo. Nyanya yenye ukungu ni ya kutupa, nzima, kwa kuwa mazao laini ukungu wake hupenya ndani usikoonekana. Kwenye karoti au kabichi ngumu unaweza kukata doa la ukungu pamoja na sentimita 2.5 za kulizunguka na kutumia kilichobaki.

Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa, saa hii viangalie kwa jicho kali. Barafu ikishakuwa maji ya uvuguvugu, punguzo si hoja tena.

Bei. Ndipo watu wengi wanapojia, na ndipo wengi wanapokosea hesabu. Rahisi ghali, walisema wahenga. Chukua punguzo la asilimia 30: ukitupa asilimia 30 ya ulichonunua, umelipa bei kamili. Ukitupa asilimia 40, kila kilo uliyokula imekugharimu karibu asilimia 17 zaidi ya bei ya asubuhi. Punguzo lina maana pale tu unapoingia jikoni siku hiyohiyo.

Wala si kila muuzaji hushuka. Mwenye vitunguu, viazi au asali atavirudisha nyumbani na kuvileta wiki ijayo. Mwenye mnunuzi wa mabaki, awe mkahawa, msindikaji au kituo cha kugawa chakula, naye hana presha. Masoko mengine yana kanuni inayozuia kuuza kwa bei ya kutupa ili wauzaji wasiumizane. Anayeweza kushuka ni mwenye mazao dhaifu mengi na safari ndefu mbele yake. Kwake huyo, kuponda bidhaa ili ushushiwe hakusaidii. Amevuna mwenyewe, anaijua. Sema hivi: “Nikichukua zote hizi zilizobaki, utanifanyia kiasi gani?” Unamwondolea mzigo, na hicho ndicho anachokilipia kwa kushusha.

Uliza pia kama ana za daraja la pili. Ni nyanya zenye makovu, karoti zilizogawanyika, matofaa yenye madoa ya ngozi. Nyingi hazifiki mezani kabisa, zinabaki kwenye gari hadi mtu aulize.

Mazungumzo. Kwa mtu anayetaka kujenga uhusiano na mkulima, saa hii inazidi zote, na ni faida inayosahaulika. Msongamano umeisha, mikono inafungasha lakini masikio yako wazi. Hapa unaweza kuuliza kuhusu dawa za wadudu kwa utulivu: kila dawa ina idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kupulizia na kuvuna, imeandikwa kwenye lebo, na inatofautiana kutoka siku moja hadi wiki kadhaa. Muulize zao hili lilipuliziwa mwisho lini na likasubiri siku ngapi. Jibu lenye tarehe ni jibu. “Sisi hatutumii kemikali” bila maelezo ya namna anavyozuia wadudu ni maneno tu, hata kama huenda ni kweli. Hii pia ndiyo saa ya kuagiza: kreti mbili za wiki ijayo, mayai yako yawekwe pembeni, kuku wa tarehe fulani. Ukiwa umeagiza, wiki ijayo unaweza kuchelewa utakavyo.

Panapoharibika. Kreti ya mwisho hupangwa nzuri juu. Si lazima iwe hila. Mara nyingine mabaki ya makasha matatu yamemiminwa katika moja, na yaliyoiva sana yamebaki chini. Mimina, angalia, ndipo ulipe. Kosa jingine ni kununua kilo 10 bila kuwa na sufuria, mifuko ya kugandishia wala saa mbili za jioni. Mboga za majani za kugandisha zinahitaji kuchemshwa dakika 2 hadi 3, kutumbukizwa kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, kukamuliwa na kufungwa. Zikigandishwa mbichi, vimeng'enya vyake, yaani kemikali za asili zinazoendesha mabadiliko ndani ya jani, huendelea kufanya kazi polepole na baada ya wiki kadhaa rangi na ladha hupotea.

Inamfaa anayepika kwa wingi, anayesindika au kugandisha, mwenye bajeti ndogo na jikoni tayari, mnunuzi wa mazao magumu, na yule anayejali kumjua mkulima kuliko kupata aina zote.

Safari ya nyumbani inabadilisha hesabu

Muda wowote utakaochagua, safari ya kurudi inaweza kuubatilisha. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takribani nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Mnunuzi wa mapema anayepitia shughuli tatu kabla ya kufika nyumbani hana tofauti na wa mwishoni anayekwenda moja kwa moja. Beba boksi lenye vipande vya barafu kwa ajili ya mazao dhaifu na nyama, na taulo kati ya barafu na majani ili yasiungue kwa baridi.

Nunua kwa mpangilio wa uzito: viazi na maboga kwanza, vitaenda chini ya kikapu, mazao ya kati, majani na stroberi mwisho kabisa, unapoelekea nje. Ukifika, mboga za majani zikaushwe maji ya juu na kuwekwa kwenye friji ndani ya mfuko wenye kitambaa kikavu. Nyanya, ndizi, maembe ambayo hayajaiva, biringanya na viazi vitamu vikae nje ya friji, maana baridi ya chini ya nyuzi 10 hadi 13 huviumiza: ladha hupotea, ngozi hupata mabonde. Usiweke ndizi, matofaa, nyanya zinazoiva wala maparachichi pamoja na majani. Hutoa gesi ya ethilini, ambayo hugeuza majani kuwa ya manjano na kufanya karoti iwe chungu. Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu.

Mayai yana swali lake dogo: yameoshwa? Kuosha huondoa utando wa asili wa ganda, kwa hiyo yaliyooshwa ni ya friji moja kwa moja. Yasiyooshwa yanaweza kukaa mahali pakavu penye ubaridi, lakini yakishaingia friji yabaki humo, kwani yakitolewa hutoka jasho na unyevu huo husaidia bakteria kupenya.

Uchague ipi?

Kama orodha yako imejaa majani, stroberi au uyoga na utapika ndani ya siku mbili, fika mapema na urudi nyumbani moja kwa moja. Kama huwezi kurudi moja kwa moja na huna boksi la barafu, ahirisha: nenda baada ya shughuli zako, hata kama ni katikati au mwishoni, ukubali uchaguzi mdogo.

Kama unapanga siku ya kupika sosi, achari au kugandisha, nenda mwishoni, lakini wiki moja kabla umwambie mkulima kwamba utachukua za daraja la pili. Ukienda bila kuagiza, uwe tayari kurudi na zao tofauti na ulilokusudia.

Kama ni mara yako ya kwanza, katikati inakuonyesha soko likiwa limekamilika, ingawa kwa kelele. Usibebe kikapu kikubwa. Nunua vitu vitatu kwa wauzaji watatu tofauti, uone vinadumu siku ngapi nyumbani, kisha wiki inayofuata utajua meza ya kuwahi.

Kama bajeti ndiyo inayobana lakini jioni huna muda wa kupika, usisubiri mwisho. Nunua mazao magumu saa yoyote, uongeze fungu moja tu la majani la kesho. Hapo unaokoa zaidi kuliko kwenye kreti ya punguzo itakayoozea jikoni.

Kama kuna mtoto wa chini ya miezi 12 nyumbani, asali ya soko ni ya wakubwa tu, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Maziwa mabichi yachemshwe, au uulize kama yamepasteurishwa, yaani yamepashwa moto ili kuua vijidudu, kwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Hilo halina uhusiano na saa ya kufika.

Kama unanunua pamoja na jirani au ndugu, gawaneni: mmoja awahi kwa ajili ya majani na mayai ya nyumba zote mbili, mwingine afike mwishoni kwa kreti na maagizo ya wiki ijayo.

Na siku ya mvua, sahau mpangilio wote huu. Wanunuzi hawatoki, wauzaji wamekwishavuna, na bei inaweza kulegea tangu saa ya kwanza. Chukua koti, nenda mapema, na ukifika nyumbani kausha majani kabla ya kuyafunga.